Ruzuku ya mradi wa elimu ya ufukwe: kuanzia daftari hadi ripoti ya mwisho

Maombi mengi ya ruzuku kutoka vikundi vya pwani huanguka kabla msomaji hajafika ukurasa wa bajeti. Wazo lenyewe halina kasoro. Kuwapeleka wanafunzi ufukweni, kuhesabu taka, kuwafundisha vijana kulinda mikoko na nyasi bahari ni kazi ambayo wafadhili wanaipenda. Tatizo ni kwamba kikundi kinaeleza kitakachofanya bila kuonyesha kinachokijua: ufukwe upi, urefu gani, taka kiasi gani, nani huja Jumamosi na nani haji. Habari hizo hazipatikani usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kutuma maombi. Ziwe zimeshaingia kwenye daftari miezi kadhaa kabla wito haujatangazwa.

Mwongozo huu ni wa vikundi vya pwani ya Kenya na Tanzania: BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, vikundi vya vijana, akina mama wakulima wa mwani, kamati za uvuvi za shehia huko Zanzibar. Tumelenga ruzuku ndogo, tuseme kati ya dola 3,000 na 50,000. Zaidi ya hapo taratibu hubadilika na kikundi huhitaji mhasibu wa kudumu.

Anzeni kwa mita 100

Chagueni kipande kimoja cha ufukwe chenye urefu wa mita 100. Kipimeni kwa kamba, kisha wekeni alama za kudumu pande zote mbili: mnazi, ukuta, jiwe kubwa. Pigeni picha za alama hizo na mwandike namba za GPS kutoka kwenye simu. Kipande kiwe kinachofikika mwaka mzima, na kisiwe mbele ya hoteli inayofagia kila asubuhi, kwa sababu mtakuwa mnahesabu kazi ya mfagiaji.

Hesabu ya kwanza ifanyike kabla ya usafi wowote. Vikundi vingi huharibu hapa. Huitisha usafi mkubwa wa uzinduzi, hupiga picha na mabango, halafu ndipo hukumbuka kuhesabu. Ufukwe umeshakuwa safi, takwimu za msingi zimeshapotea, na mwisho wa mradi hakuna cha kulinganisha.

Watu wanne wanatosha. Watembee kwa safu kutoka ukingo wa maji hadi yanapoanzia majani ya nchi kavu, wakiokota kila kitu kuanzia ukubwa wa kichungi cha sigara kwenda juu. Kila kipande kihesabiwe kwa aina yake: chupa za plastiki, vifuniko, mifuko na karatasi za nailoni, ndala na viatu, kamba na nyavu, vipande vya mpira mweupe wa vifungashio, vioo, nepi, vichungi vya sigara, na "vingine". Baada ya kuhesabu, pimeni kilo za kila aina kwa mizani ya kuning'iniza. Kung'uteni mchanga kwanza. Taka mbichi zilizojaa mchanga na mwani hudanganya mizani, na wavu mmoja wa jarife ukitupwa na mawimbi unaweza kuzidi uzito wa taka zote za mwezi uliopita. Ndiyo maana idadi na uzito vyote viwili huandikwa, na kitu kikubwa cha namna hiyo hutajwa pembeni kwa jina lake.

Rudieni kipande hichohicho kila mwezi, katika hali ileile ya maji. Andikeni pia kama ni kaskazi au kusi na kama mvua imenyesha wiki hiyo. Masika yakishika, mito na mifereji huleta taka za mjini kwa mkupuo, na msomaji asiyejua hilo atadhani mradi wenu umeongeza uchafu.

Miezi mitatu ya kumbukumbu za aina hii inatosha kuanza kuandika. Kurasa zenyewe zilizopigwa picha, zenye madoa na saini za waliohesabu, ni kiambatisho kizuri kuliko kurasa kumi za maneno kuhusu "umuhimu wa mazingira".

Makaratasi ya kikundi

Sehemu hii inachosha lakini haina mkato. Kwa ruzuku za vikundi, karibu kila mfadhili ataomba cheti cha usajili kisichopitwa na wakati, katiba, orodha ya wanachama na viongozi, muhtasari wa kikao kilichoidhinisha maombi, na akaunti ya benki yenye jina linalofanana herufi kwa herufi na la kwenye cheti. "Kikundi cha Vijana Pwani Safi" na "Pwani Safi Youth Group" ni watu wawili tofauti machoni pa benki. Fedha zimewahi kurudishwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Kenya, vikundi vya kijamii husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, na wanachama wasipungue 10. BMU zina njia yake kupitia idara ya uvuvi. Mashirika makubwa zaidi yako chini ya Sheria ya PBO (mashirika ya manufaa ya umma) ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024. Tanzania Bara, asasi zisizo za kiserikali ziko chini ya Sheria ya NGO ya 2002, BMU ziko chini ya sheria ya uvuvi, na vikundi vidogo husajiliwa halmashauri. Asasi ya Tanzania Bara inayosaini mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 ijue kwamba kanuni za 2018 zinataka mkataba huo upelekwe kwa Msajili. Zanzibar ina sheria na msajili wake, kwa hiyo cheti cha Bara hakitoshi kule.

Watia saini wa benki wawe watatu, na kila malipo yahitaji angalau wawili. Wasiwe ndugu. Mwenyekiti na mweka hazina wakiwa mume na mke, hata kama ni waaminifu kama nini, mkaguzi ataandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza.

Kubisha mlango sahihi

Kila mfadhili ana kitu anachokinunua na kitu asichokigusa. Kabla ya kuandika sentensi moja, someni mwongozo wake mkiwa na kalamu, mkitafuta mambo manne: nani anaruhusiwa kuomba, kikomo cha fedha, gharama zisizoruhusiwa, na muda wa mradi.

Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF, yaani Mfuko wa Mazingira wa Dunia, iliyoanza 1992 na kuendeshwa kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ndiyo mlango wa kawaida kwa vikundi vya jamii Kenya na Tanzania. Huamuliwa na kamati ya kitaifa ambayo wajumbe wengi si wa serikali. Kwa miaka mingi kikomo chake cha kawaida kilikuwa dola 50,000 kwa mradi, ila fuateni kikomo kilichoandikwa kwenye wito wa mwaka huo. Hutaka kikundi kichangie, kwa fedha taslimu au kwa nguvu na vitu, na hutazama faida kwa mazingira pamoja na maisha ya watu. Elimu peke yake haitoshi hapo. Iunganisheni na kitu kinachoonekana: eneo la matumbawe lililotengwa, mikoko inayorudi, taka zinazopungua.

Rufford Foundation ya Uingereza hutoa ruzuku ndogo za uhifadhi kwa mtu mmoja au timu ndogo, na huomba wadhamini watatu wa kitaaluma. Inafaa pale mwanakikundi mmoja ni mhitimu wa sayansi ya bahari na ana walimu watakaomwandikia. Mpango wa Japani wa misaada ya ngazi ya jamii, ambao wengi huujua kwa jina la Kusanone, hujenga na kununua vifaa vikubwa; msiuombe mishahara wala nauli. Mfuko wa Kanada wa miradi ya jamii, CFLI, hufuata mwaka wa fedha wa Kanada unaoisha 31 Machi, kwa hiyo muda wa utekelezaji huwa mfupi. Mradi unaotegemea mihula mitatu ya shule hautoshei humo.

WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao Zanzibar, hufadhili utafiti. Kikundi cha jamii hupita humo kikiwa mshirika wa chuo, si mwombaji mkuu. Na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri Tanzania, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo. Inarudishwa. Kuna vikundi vimeichukua kufanyia usafi wa ufukwe, kazi isiyoingiza hata senti, kisha vikahangaika na marejesho.

Hoteli na wenye maboti ya watalii msiwaombe hela kwanza. Waombeni vitu: gari la kubeba taka mara moja kwa mwezi, ukumbi wa mafunzo, maji ya kunywa. Barua yao ya ahadi, yenye thamani iliyoandikwa, huhesabiwa kama mchango mbele ya mfadhili mkubwa.

Kalenda ya maji kabla ya kalenda ya kazi

Wakaguzi wa maombi wanaoijua pwani hufungua ratiba moja kwa moja, na wakiona ziara za ufukweni zimepangwa "kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi" huwa wameshapata jibu. Bahari haifuati Ijumaa.

Mwamba, nyasi bahari na viumbe vya maji ya kupwa huonekana vizuri wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, siku za karibu na mwezi mchanga na mwezi mpevu. Bahati nzuri kwa shule ni kwamba katika pwani yetu bamvua hupwa asubuhi, karibu saa nne hadi saa tano. Kila siku inayofuata kupwa huchelewa kwa takriban dakika 40 hadi 50. Kwa hiyo kila bamvua hutoa siku nne hivi zinazofaa, na ukiondoa Jumamosi na Jumapili zinabaki tatu, pengine mbili. Wakati wa maji mafu, yaani siku za katikati ya bamvua mbili, kupwa huangukia alfajiri au jioni, na maji yenyewe hayaendi mbali.

Basi pangeni hivi. Chukueni jedwali la maji la bandari iliyo karibu, Mombasa au Zanzibar, au Dar es Salaam. Zungushieni siku ambazo maji yatakuwa chini kabisa kati ya saa tatu na nusu na saa sita kasoro. Futeni wikendi, likizo, wiki za mitihani, na Ijumaa ambazo kipindi kitagongana na swala. Futeni siku nyingi za masika. Kwa Juni hadi Agosti, kusi likivuma kwa nguvu, bakisheni siku chache tu katika fukwe zilizokingwa. Zilizosalia ndizo siku zenu. Kama andiko la mradi linasema ziara 24 na kalenda inatoa 17, punguzeni ziara, msiongeze matumaini.

Wanafunzi wafike saa moja na nusu kabla ya kupwa kabisa, wayafuate maji yakitoka, na waanze kurudi maji yanapogeuka. Kwenye miamba tambarare maji ya kujaa huzunguka kwa nyuma kupitia mikondo midogo kabla hayajaonekana mbele. Mtu mmoja, mvuvi anayeujua mwamba, awe na kazi moja tu ya kutazama maji. Kazi hiyo iandikwe kwenye andiko kwa cheo chake, na ilipwe.

Andiko

Karibu wote huanza na andiko la awali la kurasa mbili au tatu, kisha waliopita huombwa andiko kamili. La awali lisiwe muhtasari wa kila kitu. Lijibu: tatizo liko wapi hasa, litapimwaje, nani atafanya nini, kwa shilingi ngapi, na kwa nini ninyi.

Aya ya tatizo ianze na ufukwe wenu. Linganisha hizi mbili: "Uchafuzi wa bahari ni changamoto kubwa duniani," na "Katika mita 100 za ufukwe wetu, hesabu tatu za Januari hadi Machi zilitoa vipande 1,140, na zaidi ya nusu ni vifuniko na chupa za maji, zinatoka kwenye mfereji unaopita soko la samaki." Namba hizi ni za mfano tu, lakini mnaona tofauti. Ya pili imeshaonyesha hadi mahali pa kufanyia kazi: si ufukwe, ni soko na mfereji. Elimu itakayotolewa shuleni peke yake haitagusa chanzo hicho, na andiko linalokubali hilo na kuongeza mama lishe na wachuuzi sokoni lina nguvu kuliko linaloahidi kubadilisha dunia kupitia watoto.

Malengo yasizidi matatu. Chini ya kila lengo wekeni kiashiria kimoja au viwili, mkisema kimeanzia ngapi, kitafika ngapi, kitapimwa na nani, lini. "Wanafunzi 1,000 wataelimishwa" si kiashiria cha maana. Ni idadi ya watu waliokaa kwenye madawati. Bora: wanafunzi walewale 120 wajibu maswali kumi yaleyale kabla ya ziara ya kwanza na baada ya ya mwisho, na wastani upande kutoka A kwenda B. Maswali yawe ya mahali penu. Mtoto wa Kwale aulizwe kwa nini mche wa mkoko ukipandwa kwenye tope la nje, ambalo maji hulifunika karibu siku nzima, hufa. Hana haja ya kukariri tafsiri ya neno ikolojia.

Kwa mafunzo ya nyasi bahari, fremu ya mraba ndiyo kifaa kinachofanya mtoto apime badala ya kutazama. Hutengenezwa kwa bomba la plastiki la nusu inchi: vipande vinne vya sentimita 50, elbo nne, na kamba nyembamba ya nailoni iliyopitishwa kila sentimita 10 pande zote mbili. Inatoka miraba 25. Mtoto huhesabu miraba yenye nyasi zaidi ya nusu, anazidisha kwa nne, na hiyo ndiyo asilimia ya eneo lililofunikwa. Toboeni matundu kwenye mabomba, la sivyo fremu inaelea na kuondoka na mkondo huku darasa zima likiikimbiza. Fremu sita zinatosha wanafunzi 40.

Wakaguzi watawafananisha na miradi wanayoijua: Kuruwitu kule Kilifi, ambako wavuvi walijitengea eneo lisilovuliwa, na Mikoko Pamoja ya Gazi, inayotunza hekta 117 za mikoko na kuuza hati za kaboni inayofyonzwa na mikoko hiyo. Wote walipata tuzo ya Equator mwaka 2017. Msijifanye nakala yao. Semeni mmejifunza nini kwao na mahali penu pana nini tofauti. Ziara moja ya mafunzo kwao, yenye bajeti yake, huonekana vizuri. Mkiahidi kupanda mikoko, msiahidi miche 10,000. Ahidini idadi itakayokuwa hai baada ya miezi 12, mkitaja aina: mkoko, mchu au mlilana, kila mmoja mahali pake pa maji.

Bajeti inayosomeka

Kila mstari wa bajeti uwe na shughuli yake kwenye ratiba, na kila shughuli iwe na mstari wake. Mkaguzi huweka kurasa mbili hizo pembeni kwa pembeni. "Usafiri: 200,000" hukatwa. "Basi la viti 45, ziara 17 × shilingi 8,000 = 136,000" hubaki, hasa likiwa na bei ya maandishi kutoka kwa mwenye basi.

Vitu vinavyosahaulika mara kwa mara: makato ya benki na ya kutuma kwa simu, uchapishaji wa fomu, glavu za kubadilisha, kwa kuwa zilizonunuliwa Januari hazifiki Juni, sanduku la huduma ya kwanza na kulijaza tena, gari la kuzoa taka. Hilo la mwisho ni aibu inayojirudia. Magunia 60 yanajazwa, picha zinapigwa, magunia yanaachwa juu ya mstari wa maji "yatachukuliwa kesho", na bamvua linayarudisha yote baharini. Andikeni gari, dereva, safari, ada ya jaa, na barua ya kaunti au halmashauri inayokubali kuzipokea.

Fedha zikitolewa kwa dola, kumbukeni kiwango hubadilika. Shilingi ya Kenya ilikuwa karibu 160 kwa dola Januari 2024, na kufikia Aprili ilikuwa karibu 130. Kikundi kilichopangiwa dola 10,000 kipindi hicho kilipungukiwa na takriban shilingi 300,000 bila kosa la mtu. Tumieni kiwango cha chini kidogo ya cha siku mnayoandika, mkiseme wazi kwenye maelezo, na muulize mapema kama mnaruhusiwa kuhamisha fedha kati ya mistari na kwa asilimia ngapi bila kuomba kibali.

Mchango wa kikundi huhesabiwa hivi. Mna watu 30 wanaojitolea, saa 4 kila mwezi, miezi 12: saa 1,440. Kama kibarua wa kawaida kwenu hulipwa shilingi 600 kwa saa 8, saa moja ni 75, na mchango ni 108,000. Utakubalika ikiwa tu kuna daftari la mahudhurio lenye jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka na saini. Orodha iliyochapwa baadaye ikiwa na saini zote kwa kalamu moja hutambulika haraka.

Wanaojitolea na swali la posho

Hili ligombaneni ndani ya kikundi kabla ya kuandika, maana likiachwa litaulipua mradi mwezi wa pili. Msimamo wetu: nauli halisi na chakula kwa kila anayekuja, sawa kwa wote, mwenyekiti akiwemo, posho ya siku isiwepo. Ukianza kulipa posho kwa usafi wa ufukwe, siku fedha zinapoisha na watu wameisha, na kikundi jirani kinachofanya bure kinaonekana wajinga. Wenye kazi ya kitaalamu na wajibu wa usalama, yaani mwezeshaji, mtazama maji na mratibu, hao walipwe kwa mkataba, na cheo chao kisiitwe cha kujitolea.

Fundisheni watu wengi kuliko mnaowahitaji. Vijana hupata kazi, huolewa, huhamia Mombasa au Dar. Mkihitaji 15 wa kuaminika, anzeni na 30, na kiashiria kiwe idadi ya waliobaki baada ya miezi sita. Mfadhili anajua watu hupungua; anachotaka kuona ni kama mnajua kwa nini. Wavuvi na wakulima wa mwani hawaji wakati wa bamvua kwa sababu hiyo ndiyo saa yao ya kazi: mwani hufungwa maji yakipwa, na pweza hutafutwa maji yakipwa. Mkiwataka wao, wafuateni siku za maji mafu, jioni, kwa mafunzo ya ndani.

Vibali na watoto

Ndani ya hifadhi za bahari ombeni barua mapema. Kenya ni KWS, shirika la wanyamapori, kwa mfano Watamu, Malindi na Kisite; Tanzania Bara ni kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, kinachosimamia Mafia, Ghuba ya Mnazi na Tanga. Mikoko ni ya idara za misitu, KFS kwa Kenya na TFS kwa Tanzania Bara, hata ile iliyo nyuma ya nyumba yako. Shule hazitoki bila idhini ya ofisi ya elimu na barua ya mzazi kwa kila mtoto. Barua hiyo itenganishe mambo mawili: ruhusa ya kwenda, na ruhusa ya kupigwa picha. Mzazi anaweza kukubali moja na kukataa nyingine.

Wafadhili wengi sasa huomba sera ya ulinzi wa watoto. Kurasa mbili zinatosha: mtu mzima mmoja kwa watoto wasiozidi kumi, hakuna mtu mzima kubaki peke yake na mtoto, nani hupokea malalamiko, na simu yake. Ongezeni kanuni za ufukweni: viatu vya kufunika miguu kwa wote, mtoto haokoti sindano wala vioo, hakuna anayeingiza mkono kwenye tundu la mwamba.

Fedha zikishaingia

Msinunue chochote kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye mkataba. Risiti ya siku moja kabla haikubaliki, hata kama mizani ilikuwa ya bei nafuu. Kati ya kutuma andiko na fedha kufika, wekeni nusu mwaka, wakati mwingine zaidi, na mwanzo huo ukiangukia masika, ombeni mapema, kwa maandishi, ratiba isogezwe.

Fedha huja kwa awamu, na awamu inayofuata hungoja ripoti ya iliyotangulia. Ripoti ikichelewa wiki tatu, ziara za bamvua mbili zimekwenda. Anzeni kuandika ripoti wakati bado kuna theluthi ya fedha mkononi. Mara nyingi kipande cha mwisho cha ruzuku hubakizwa hadi ripoti ya mwisho ikubaliwe, kwa hiyo angalieni deni la basi la mwezi wa mwisho litalipwa na nini.

Risiti za mashine hufifia, na kwa joto na chumvi ya pwani hufifia haraka. Pigeni picha siku hiyohiyo, toeni kopi, bandikeni ya asili kwenye karatasi ya A4 iliyoandikwa namba ya vocha, mstari wa bajeti na shughuli. Mwenye ngalawa hana risiti. Mwandikieni hati ya malipo yenye jina, namba ya kitambulisho, kazi, kiasi na saini, na muambatishe ujumbe wa malipo ya simu. Malipo ya kazi za mradi yapite kwenye laini ya kikundi, si ya mweka hazina. Kwa ununuzi unaozidi kiwango kilichowekwa na mfadhili kusanyeni bei tatu, na kama hamkuchukua ya chini kabisa andikeni sababu siku hiyo, si siku ya ukaguzi.

Ripoti ya mwisho iwe na jedwali lilelile la viashiria lililokuwa kwenye andiko, na safu moja mpya ya yaliyopatikana. Kiashiria kilichoshindwa kibaki mahali pake, na maelezo ya sentensi mbili pembeni. Ambatisheni orodha ya vifaa: kila mizani, fremu na sanduku, na namba yake, hali yake, nani anakaa nacho na wapi. Mikataba mingi hutaka kibali cha mfadhili kabla ya kuuza au kugawa vifaa, hivyo ombi la kubaki navyo litumwe pamoja na ripoti. Salio kama lipo, hata dogo, lirudishwe na hati ya benki iambatishwe. Akaunti ya mradi ifungwe baada ya hapo, si kabla.